Wanafunzi wa filamu mliokuja Newala: mmemdhalilisha bibi yangu na mmetudhalilisha watu wa Kusini

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira tangu Jumapili, nimeshindwa hata kula vizuri, leo nimeona niyatoe hapa.

Mwezi wa kumi mwaka jana walikuja kwetu Newala, mkoani Mtwara, wanafunzi sita wa chuo kimoja cha Dar es Salaam. Walisema wanatengeneza filamu ya makala kuhusu sisi watu wa Kusini, tunavyojiona na tunavyosemwa na wenzetu wa mikoa mingine. Mimi ndiye niliyewapokea. Nilifurahi sana, kwa sababu haya mambo nimeyabeba tangu nasoma sekondari nje ya mkoa: ukisema tu wewe Mmakonde, mtu anakuuliza kama umekuja na panya kwenye begi. Nikawapeleka kwa bibi yangu mzaa mama. Nikamwambia, bibi, hawa ni wajukuu zako, waeleze yote. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, lakini bibi aliacha kuokota siku mbili nzima akakaa nao.

Filamu imetoka. Ina dakika 22. Nimeiangalia mara nne ili nisije nikawaonea.

Inaanza na uso wa bibi. Kamera imeganda kwenye nembo zake za shavuni, zile chale za jadi, mpaka unaona jasho, chini yake ngoma inalia. Halafu bibi anasema, "Sisi wanawake hatukusoma." Wakakata hapo hapo, wakaingiza ngoma ya usiku na mabinti wanaotoka unyago.

Nilikuwepo wakati anaongea. Nilikaa kwenye mkeka, mita mbili kutoka kwake. Alisema hivi: "Sisi wanawake hatukusoma, shule ilikuwa mbali na maji tulikuwa tunayafuata bondeni, unatoka alfajiri unarudi jua limeshawaka. Mimi nimesomea ukubwani, mwaka 1974, chini ya mwembe, na sasa barua zangu najisomea mwenyewe." Anayeijua Newala anajua habari ya maji. Tuko juu ya uwanda, mvua ikinyesha yote inazama mchangani, na kwa miaka mingi mama zetu walishuka na kupanda ule mteremko na ndoo kichwani. Sentensi moja ilikuwa na sababu yake na ushindi wake. Mmechukua maneno matatu.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Walikuja na fomu ya ridhaa ya Kiingereza. Hakuna aliyemsomea. Binti mmoja akatoa kidau cha wino, akamshika bibi kidole gumba akakibandika kwenye karatasi. Hakumuuliza kama anajua kuandika! Bibi yangu kila msimu anasaini jina lake pale ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, herufi kubwa, taratibu, na hapokei stakabadhi mpaka asome kilo moja moja. Siku ile alinyamaza tu kwa sababu ni wageni. Baadaye alikwenda kusugua kile kidole kwa sabuni muda mrefu.

Kuna kijana mwingine alimwambia, "Bibi, vua viatu, itapendeza zaidi." Akavua. Nilipaswa kusema siku ile na sikusema, hilo nalibeba mwenyewe.

Sasa sikilizeni vilivyoachwa. Bibi alieleza namna baba yake alivyotoka Newala kwenda kibarua Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita. Alisimulia mlio wa treni. Ndiyo wakuu, Kusini tulikuwa na reli, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Akasimulia wakimbizi waliovuka Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, na jinsi kaya yao ilivyogawana muhogo na watu wasiowajua. Akawaonyesha korosho iliyoshambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, akaeleza lini unapulizia salfa, akawapa hesabu ya alichopoteza msimu alioingia kwenye kangomba, yaani kuwauzia walanguzi korosho kwa bei ya chini, kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa na pesa ya mnada haijafika. Yote hayo hayamo. Hata sekunde moja.

Panya wamepewa dakika 4. Wapo watu kwetu wanaokula panya wa porini, wanamwita samaki nchanga, na sioni aibu yoyote. Kila kabila lina kitoweo chake. Lakini msimulizi wenu anasema "bado wanakula," kama vile ni ugonjwa tunaongojewa kupona.

Halafu eti mnauliza kwenye filamu, kwa nini Kusini kumelala? Daraja la Rufiji limefunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na masika basi la Dar lilikuwa linakwama kwenye tope siku kadhaa, watu wanapika njiani. Nani alilala hapo? Neno "machinga" mnalotumia kila siku Kariakoo limetokana na Wamachinga wa Lindi, vijana waliokwenda mjini na bidhaa mikononi wakatembea jua kali kutwa nzima. Mmeliazima jina letu kwa watu wanaohangaika kuliko wote mjini, halafu mnatuita wavivu.

Nilimpigia simu kiongozi wa kundi lao. Akanijibu, "Kaka, muda ulikuwa mdogo, na hadhira inataka vitu vyenye mvuto." Nikamuuliza, sasa zile dhana mlizosema mnakuja kuzipinga, mmeipinga ipi? Akasema watu watajiongeza. Watu wamejiongeza kweli: maoni ya kwanza chini ya filamu ni ya mtu anayeuliza bei ya panya. Binamu yangu anayesoma Dodoma ameitwa "ndonya", lile pambo la mdomoni la bibi zetu wa Kimakonde, darasani wiki nzima.

Ninachotaka ni hiki. Iondoeni. Rudisheni sentensi ya bibi ilivyokuwa. Tupeni nakala ya rekodi nzima ya siku mbili, maana ile ni sauti ya mzee wetu na hatuna nyingine. Na mhadhiri aliyepitisha kazi hii aje Newala, nitamkalisha kwenye mkeka ule ule, amwombe radhi kwa Kiswahili. Kama kuna mwanajamvi anayejua utaratibu wa kulalamika kwa chuo kuhusu ridhaa ya namna hii, anielekeze, nitashukuru sana.

Jumamosi nakwenda nyumbani. Bibi ameshanipigia mara tatu kuuliza kama nakuja na ile sinema, na amewaalika majirani zake waje waone ile sehemu ya treni.