Hesabu ya Jenerali Turgidson: alikosea wapi?

Wakuu, tuijadili filamu ya *Dr. Strangelove* ya Stanley Kubrick (1964) kwa macho ya falsafa ya maadili. Jenerali Ripper wa Marekani ametuma ndege za B-52 zenye mabomu ya nyuklia kuushambulia Umoja wa Kisovieti bila ruhusa. Haziitiki bila msimbo wa herufi tatu, na kujaribu michanganyiko yote 17,000 ni kazi ya siku mbili na nusu. Turgidson, jenerali mwenzake, anamshauri Rais Muffley wa Marekani: tupige kwa nguvu zote sasa, wafe milioni 10 hadi 20, tukisubiri, watakufa milioni 150. Rais anakataa kukumbukwa kama muuaji wa halaiki. Turgidson anamwambia awajali Wamarekani kuliko sura yake vitabuni. Hapo namuunga mkono. Anayelinda usafi wa mikono yake huku maiti zikiongezeka anajijali mwenyewe.

Jibu: Mkuu, irudie hiyo hesabu. Milioni 20 ni Wamarekani watupu. Wasovieti hawamo kabisa! Falsafa ya matokeo, inayopima tendo kwa matokeo yake, tangu mwanafalsafa Bentham humhesabu kila mtu kuwa mmoja, kwa hiyo Turgidson hata hiyo hajaifuata. Na mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, aliyepinga Chuo Kikuu cha Oxford kumtunuku Truman, rais aliyeamuru mabomu ya atomiki yaangushwe Japani, shahada ya heshima mwaka 1956, alishikilia kwamba kuchagua kuua wasio na hatia ili ufikie lengo lako ni mauaji, basi.

Jibu: Wote mmeuruka Mpango R, ambao Ripper aliutumia. Unamruhusu kamanda wa ngazi ya chini kuamuru shambulio la kulipiza iwapo uongozi wa juu umevurugwa, na Rais mwenyewe aliuidhinisha. Mikono ilichafuka siku ile ya kutia saini. Mashine ya kiama ya Wasovieti, mtambo wa kulipiza kwa kuangamiza dunia, ni hivyo hivyo. Mwanafalsafa Gregory Kavka aliuliza mwaka 1978 kama yaweza kuwa haki kukusudia jambo, kama kulipiza kwa nyuklia, ambalo kulitenda ni uovu. Mashine inamwondoa mtendaji: wakishambuliwa inalipuka yenyewe, na ukijaribu kuizima inalipuka pia. Waliokaa wakaiunda kwa utulivu ndio waliokwisha kuua. Tena waliiwasha kabla ya kuitangaza. Tangazo lilisubiri Jumatatu. Tishio asilolijua adui litamzuiaje?

Jibu: Kuhusu Wasovieti nimekosea, nakubali. Ila Mpango R hausemi Rais afanye nini ndege zikiwa tayari angani. Alichofanya ni kumpigia simu kiongozi wa Kisovieti na kumpa njia za ndege za Marekani ili zitunguliwe. Marubani wale walitii amri waliyoiona halali. Kwa kanuni ya Anscombe, hao tunawaweka wapi?