Kamera za yadi zinakatika kila jioni: nibadilishe mfumo mzima au huu unatengenezeka?

MwenyeDuka_Moro

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nyuma yake yadi ya nondo na mbao. Zipo kamera nane za analogi za megapikseli 2, lenzi mm 2.8, DVR (mashine ya kurekodi) ya chaneli 8, diski ya TB 1. Umeme wa kamera zote unatoka kwenye boksi moja la volti 12, ampea 5, lililo ofisini. Waya wa picha ni RG59 ule wenye nyaya mbili za umeme ubavuni. Kila kamera imeandikwa 12V DC, 5W.

Shida ziko nne. Kamera ya 7 na ya 8 zilizo mwisho wa yadi, mita kama 80 kutoka ofisini, mchana picha safi kabisa. Saa moja kasoro robo jioni, giza likianza kuingia, picha inakatika, inarudi sekunde chache, inakatika tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Ukisimama chini yake unasikia "tik, tik". Pili, kamera ya 3 iliyofungwa kwenye nguzo ya chuma ya geti ina mistari mipana inayopanda polepole usiku na mchana. Tatu, rekodi hazizidi siku tatu. Nne, gari likiingia getini naliona, ila namba haisomeki.

Fundi aliyekuja kuangalia anasema nitoe zote niweke za IP (za mtandao). Ni lazima?

Fundi_Volti

Mkuu, usinunue kamera hata moja kwa sasa. Hiyo ya 7 na 8 ni njaa ya umeme, na dalili ulizotoa zinajieleza.

Mchana kamera inakula umeme kidogo kwa sababu taa zake za infraredi zimezimwa. Giza likiingia zinawaka, na matumizi yanapanda hadi karibu na zile wati 5, yaani kama ampea 0.4. Waya mrefu na mwembamba unakula volti kulingana na mkondo unaopita. Volti ikishuka chini ya kiwango, kamera inajizima. Ikizimika taa nazo zinazimika, mzigo unapungua, volti inapanda, kamera inawaka, inaona giza, inawasha taa, inaanguka tena. Hiyo "tik" ni kile kichujio cha mbele ya kihisi cha picha kikihama kutoka mkao wa mchana kwenda wa usiku na kurudi.

Hesabu ni hii. Mita 80 kwenda na 80 kurudi ni mita 160. Kama nyaya za umeme ni shaba halisi ya mm² 0.5, ukinzani ni 0.0175 × 160 ÷ 0.5 = omu 5.6. Kwa ampea 0.4 unapoteza volti 2.2 na kamera inapata 9.8. Lakini waya mwingi unaouzwa kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Hapo unapoteza volti 3.4 na kamera inabaki na 8.6. Kamera inayovumilia asilimia 25 chini ya 12 hukomea volti 9, na zile za asilimia 10 hukomea 10.8. Tena kamera nyingi, volti ikishuka, huvuta ampea zaidi ili zipate wati zile zile, kwa hiyo anguko linazidi.

Pima hivi, na usipande ngazi usiku:

1. Mchana, ziba kwa tepu nyeusi kile kijicho kidogo cha kuhisi mwanga kilicho karibu na lenzi. Kama haina kijicho, funika uso wote wa kamera kwa kitambaa cheusi. Taa za infraredi zitawaka.
2. Pima volti kwenye plagi ya umeme ya kamera ikiwa IMEUNGWA na taa zinawaka. Wengi wanakosea hapa. Wanachomoa plagi ndipo wanapima, wanaona 12, wanasema umeme uko sawa. Bila mzigo hakuna mkondo, na bila mkondo hakuna volti inayopotea.
3. Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, ni alumini.

Leta majibu hapa.

MwenyeDuka_Moro

Nimepima kamera ya 8. Kwenye boksi 12.1. Mwisho wa waya bila kamera 12.0. Kamera ikiungwa na kuzibwa kijicho inashuka mpaka 8.7, halafu inazimika. Waya nimekwangua, ndani ni nyeupe.

Fundi_Volti

Basi imekutwa. Una njia tatu.

Ya kwanza, vuta waya mwingine wa umeme tu, shaba ya mm² 1.5, ukiacha RG59 ibebe picha. Picha ya megapikseli 2 inapita mita 80 za RG59 bila taabu. Ukinzani unakuwa omu 1.9, unapoteza volti 0.75, kamera inapata 11.3. Hesabu hii ni ya kamera moja kwa waya mmoja. Ukizilisha zote mbili kwa waya huo mmoja, mkondo ni mara mbili na upotevu nao mara mbili, yaani volti 1.5. Bado itafanya kazi kama kamera zako ni za asilimia 25.

Ya pili, kama kuna soketi ya 230 karibu na mwisho wa yadi, weka hapo adapta ya 12V 2A ndani ya boksi lisiloingiza maji. Ni haraka, ila wakati mwingine inaleta mistari kama ile ya geti kwa kuwa umeme unatoka sehemu mbili tofauti.

Ya tatu ni kukaza ile skrubu ndogo ya ADJ kwenye boksi kupandisha volti. Hapa sikushauri uitegemee. Ukipandisha hadi 13, unapata chini ya volti 1 ya nyongeza kule mbali, ilhali kamera zilizo karibu nazo zinapokea 13 yote. Kwa kamera za asilimia 10 mwisho ni 13.2.

Mkishavuta, viungio vya nje viingie ndani ya boksi, na waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujaingia, ili maji ya mvua yadondokee pale badala ya kufuata waya hadi kwenye BNC, kile kiungio cha waya wa picha. Ukiona ukijani kwenye plagi, kata na ufunge mpya. Kusugua hakusaidii.

Nguzo_Kavu

Nichukue la geti. Mistari mipana inayopanda polepole ni tofauti ya ethi (muunganiko wa ardhini) kati ya sehemu mbili. Gamba la chuma la kamera mara nyingi limeungana na upande hasi na ngao ya RG59, yaani wavu wa chuma unaozunguka waya wa picha. Umeifunga kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, na DVR ina ethi yake ofisini. Ardhi ya kule na ya huku hazina volti sawa, kwa hiyo mkondo wa 50 Hz unatembea kwenye ngao ya waya wa picha.

Uthibitisho: chomoa BNC ya kamera ya 3 nyuma ya DVR, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye gamba la hiyo BNC, nyingine kwenye bati la DVR. Ukisoma hata volti moja au mbili, ndiyo hiyo. Kisha fungua kamera kwenye nguzo, ishike mkononi bila kugusa chuma, mwenzako aangalie skrini. Mistari ikitoweka, tatizo umelipata.

Dawa ni kipande cha plastiki nene au boksi la plastiki kati ya kamera na nguzo, na skrubu zikamate plastiki tu, zisipenye hadi kwenye chuma. Kama haiwezekani, kuna kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kinachofungwa kwenye BNC upande wa DVR. Nunua kilichoandikwa kuwa ni cha HD, kwa maana vya zamani vinaua picha. Na tafadhali sana, usikate ethi ya DVR ili mistari iishe. Itaisha kweli, lakini siku adapta ikivuja umeme, bati lote linakuwa na 230.

Diski_Imejaa

Siku tatu: ingia kwenye mipangilio ya kurekodi uniambie aina ya mgandamizo wa video na bitireti (kiasi cha data kwa sekunde).

MwenyeDuka_Moro

H.264, 4096 Kbps, saa 24, kamera zote.

Diski_Imejaa

Sawa. Shika namba moja tu kichwani: megabiti 1 kwa sekunde, saa 24, ni GB 10.8. Kwako ni kamera 8 × 4 × 10.8 = GB 346 kwa siku. TB 1 inajaa kabla siku tatu hazijatimia. DVR haina kosa.

Kama menyu ina H.265, mgandamizo unaobana zaidi, hamia huko na uweke 2048 Kbps, aina ya kubadilika badala ya ile isiyobadilika. Matumizi yanashuka hadi GB 173, karibu siku sita kwa diski hiyo hiyo. Yadi hazihitaji fremu 25 kwa sekunde. Weka 12 au 15. Kaunta iache 25, maana mkono unaohesabu pesa unaenda mbio. Kurekodi kwa mwendo, yaani pale tu kitu kinaposogea, kunaokoa nafasi, ila chora eneo vizuri. Usiku wadudu hufuata mwanga, buibui hufuata wadudu, na uzi mmoja mbele ya lenzi unarekodi usiku kucha. Fagia utando kila wiki.

Ukitaka mwezi mzima bila kutegemea mwendo, ni diski ya TB 6: 6000 ÷ 173 ni siku 34. Soma kwanza DVR yako inakubali diski ya ukubwa gani. Nunua ya kamera, mfano WD Purple au SkyHawk, si ile ya kompyuta ya mezani ambayo haikutengenezwa kuandikwa mfululizo. Kabla ya kuiwasha mpya, toa rekodi unazozihitaji kwenye ile ya zamani, na ukibonyeza kufomati hakikisha umechagua diski sahihi.

Kebo_Sita

Napingana kidogo na Fundi_Volti. Kama lazima uvute waya mpya mita 80, kwa nini uvute wa volti 12? Vuta Cat6 (waya wa mtandao) ya shaba tupu, uweke kamera mbili za IP mwisho wa yadi, zinazolishwa umeme na waya huo huo wa mtandao. Umeme huo unasafiri kwa takriban volti 48, kwa hiyo zile wati 5 ni ampea 0.1 tu, na upotevu hauna madhara. Kikomo ni mita 100, wewe uko 80. DVR nyingi za sasa zinakubali chaneli kadhaa za IP juu ya zile za analogi. Angalia yako kwenye menyu ya kamera. Zilizobaki sita zinafanya kazi, ziache. Fundi wako hakukosea kusema IP ni nzuri. Kosa ni kung'oa kamera nzima kwa sababu ya waya mbovu.

Angalizo: Cat6 ya alumini itakurudisha pale pale.

Fundi_Volti

Nakubali, kama DVR inapokea IP. Kama haipokei, mm² 1.5 inabaki jibu la gharama ndogo.

Lenzi_Sita

Geti bado. Lenzi ya mm 2.8 inaona digrii kama 100. Mita 8 mbele yake upana ni mita 19. Gawanya pikseli 1920 kwa 19, unapata 100 kwa kila mita. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4 toleo la 2015, kilitaka 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua. Lenzi ya mm 6, digrii kama 50, mita 8 ile ile inaona mita 7.5, na hapo unapata 256. Kwa hiyo weka ya mm 6, au ya kurekebishika 2.8 hadi 12, kimo cha mita 2 hadi 2.5. Ukiipandisha mita 4 utarekodi kofia.

Namba za gari usiku ni kazi ya peke yake. Taa za mbele zinapofusha kamera, na WDR (uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na giza) pekee haitoshi. Kamera iwe ya namba tu, imebanwa kwenye njia ya gari, shata ya sekunde 1/500 au 1/1000, infraredi imewashwa, na isikae pembeni zaidi ya digrii 30 kutoka kwenye uelekeo wa gari. Picha nzima itakuwa nyeusi isipokuwa kibao cha namba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sura za watu zichukuliwe na kamera nyingine.

Diski_Imejaa

Nyongeza mbili kwa vile utakuwa ndani ya menyu. Badilisha nywila ya kiwandani, na kama kuna mtu alifungua milango kwenye ruta ili uone kamera kwenye simu, ifunge, zima na UPnP, inayofungua milango hiyo yenyewe. Tumia programu ya mtengenezaji au VPN. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR chungu nzima kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na bado kuna vinavyoiga mbinu hiyo.

Ya pili ni saa. Weka UTC+3 na uwashe NTP, inayosahihisha saa kupitia intaneti. Kama saa inarudi mwaka 2000 kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032, imekufa. Na siku ukipeleka rekodi polisi, andika kwenye karatasi saa zote mbili, kwa maana DVR itaonyesha 19:40 na mlinzi ataeleza saa moja na dakika arobaini usiku.