Wachezaji wa futiboli ya vyuo Marekani ni wafanyakazi, wapewe mikataba yaishe

BuckeyeWaTemeke (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Najua wengi humu mpira ni Simba na Yanga na huu wa umbo la yai mnauona kama ugomvi wa watu waliovaa helmeti, ila sisi tunaoishi Columbus, Ohio hatuna ujanja, ukikaa huu mji msimu mmoja tu ushakuwa shabiki wa Ohio State upende usipende. Jumamosi ya mechi uwanja unajaa watu zaidi ya laki moja. Laki! Na wanaocheza ni vijana wa chuo, madogo wa miaka 18, 19, 20, chuo cha umma kabisa.

Sasa kila kundi la mashabiki nililomo watu wanalia eti hela zimeharibu mchezo, madogo hawana mapenzi na jezi, kila ligi ikiisha wanahama kama wapangaji waliopandishiwa kodi. Mimi nabisha. Hela zilikuwepo siku zote, zilikuwa zinaishia kwa makocha tu. Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023 na wakakubali kumlipa karibu dola milioni 76 ili ASIFUNDISHE. Majimbo mengi huku mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote sio gavana wala daktari bingwa, ni kocha wa futiboli au wa kikapu. Wakati huohuo dogo aliyekuwa anavunjwa bega ili kocha apate bonasi alikuwa haruhusiwi kuuza hata jezi yake mwenyewe.

Sisi Ohio State tuliyaona hayo. 2010 wachezaji akiwemo kotabeki wetu (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira) Terrelle Pryor walikutwa wamebadilisha pete na zawadi zao, vitu vyao walivyoshinda kwa jasho, wakapewa hela na kuchorwa tatuu. Kocha Jim Tressel alikuwa anajua akakaa kimya, Mei 2011 akajiuzulu, ushindi wetu wa 2010 ukafutwa kwenye vitabu, halafu 2012 tukashinda mechi zote 12 na tukazuiwa kucheza chochote baada ya hapo. Yaani mpaka leo nikikumbuka 2012 chai hainipandi. Kisa tatuu jamani.

SMU ya kule Dallas ndio usiseme. Mwaka 1987 NCAA, ambao ndio shirikisho lao, waliwafungia msimu mzima kwa sababu wachezaji walikuwa wanalipwa kichinichini na matajiri wa chuo, na timu ikalala miongo kadhaa. Leo mifuko ya matajiri ya kulipa wachezaji ipo karibu kila chuo kikubwa na ni halali, na SMU haohao msimu wa 2024 wamefika mchujo wa timu 12 za ubingwa, na hakuna hata mmoja aliyewaomba msamaha.

Kilichobadilika ni mahakama. Juni 2021 kwenye kesi ya Alston majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani waliikataa NCAA, jaji Kavanaugh akaandika kabisa kwamba NCAA haiko juu ya sheria. Julai mosi mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kula hela ya jina na sura zao, hiyo ndio wanaita NIL. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: fidia ya dola bilioni 2.8 kwa waliocheza huko nyuma, na vyuo viruhusiwe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mwisho dola milioni 20.5 kwa chuo.

Kwahiyo chuo kinakupa ratiba, kinakupimia uzito, kinakuamsha alfajiri, kinakulipa, halafu bado kinasema wewe si mwajiriwa wangu. Hapo ndio nachoka. Hoja yangu ni moja, wapewe ajira, mikataba na chama cha kujadiliana na waajiri. Karibuni mnipinge.

MzeeWaGoBlue

Kijana wangu, kwanza pole kwa kushabikia timu isiyo sahihi, sisi wa Michigan tunawaombea. 2024 mmetoka kuchukua ubingwa baada ya kufungwa na sisi 13-10 nyumbani kwenu, ubingwa gani huo.

Sasa nije kwenye mada. Nimekaa huku tangu enzi ambazo mchezaji alikuwa anakaa chuo miaka minne, unamjua mpaka mama yake. Elimu ya bure, chakula, daktari, mwalimu wa ziada, hiyo yote si malipo? Mimi watoto wangu nimewasomesha kwa mkopo. Halafu angalia yanayotokea: Matthew Sluka aliondoka UNLV, chuo cha Las Vegas, Septemba 2024 ligi inaendelea, timu haijafungwa hata mechi moja, eti ahadi ya hela haijatimizwa. Nico Iamaleava akagombana na Tennessee juu ya malipo akahamia UCLA, chuo cha Los Angeles. Tunalea wanamichezo au tunalea madalali?

Na ukimwita mfanyakazi ujue mfanyakazi anafukuzwa. Dogo wa miaka 19 akidondosha mipira miwili Jumamosi, Jumatatu anapewa barua. Unalitaka hilo?

BuckeyeWaTemeke

Shikamoo mzee. Hiyo 13-10 tusiiguse, bado kidonda kibichi.

Ila mzee wangu kufukuzwa wanafukuzwa tayari, tena bila barua. Kocha mpya akija anawaita ofisini mmojammoja anawaambia hamna nafasi, ingieni kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama chuo. Skolashipu zenyewe tangu 1973 zilikuwa za mwaka mmojammoja, kocha akikuchoka hairudiwi, za miaka mingi zimekuja kuruhusiwa 2012. Mwenye mkataba wa ajira angalau ana pa kwenda kulalamika.

Na huo mfano wa Sluka ni wa kwangu mimi mzee, sio wako! Yule ahadi yake ilikuwa ya mdomo. Mchezaji wa Yanga mwenye mkataba hawezi kuamka Jumanne akaenda kufanya mazoezi na Simba, kuna dirisha la usajili, kuna mkataba wa kuvunja, kuna klabu ya kulipwa. Huku wamechukua soko la wachezaji wakaacha karatasi inayomfunga kila mmoja, halafu wanashangaa fujo.

Kuna kitu watu hawakisemi kuhusu kwanini NCAA inapigwa kila ikienda mahakamani. Vyuo ni washindani kibiashara, washindani wakikaa pamoja wakapanga kwamba hakuna kumlipa mtu zaidi ya kiasi fulani na hakuna kuhama zaidi ya mara moja, sheria ya ushindani inasema hiyo ni njama. NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, wana kikomo cha mishahara, wana drafti (timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu), wana sheria ngumu kuliko hizi, na hawafungwi kirahisi hivyo. Kwanini? Kwa sababu wamekaa mezani na chama cha wachezaji wakakubaliana, na sheria inayalinda makubaliano ya namna hiyo. Hiyo ndio njia pekee ya kupata utulivu unaoutaka wewe mzee. Wewe na mimi tunataka kitu kimoja ila wewe hutaki kumuona dogo akisaini.

Kuhusu elimu, North Carolina waliendesha masomo hewa karibu miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,000 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo, kazi ni kuandika karatasi moja hata mwalimu humuoni. 2017 NCAA wakasema hatuna kifungu cha kuwaadhibu. Kwahiyo tatuu ni kosa, darasa hewa sio kosa. Haya.

dogo_wa_Mbagala

Swali la kijinga wakuu, kama mtu anajua anastahili hela si aende NFL tu moja kwa moja akiwa na 18? Mbona akina Mbappé walianza utotoni

BuckeyeWaTemeke

Sio la kijinga kabisa mdogo wangu. Haruhusiwi, NFL wanataka iwe imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Maurice Clarett wetu wa Ohio State, aliyetubeba ubingwa wa msimu wa 2002 akiwa mwaka wa kwanza, aliwapeleka mahakamani akashindwa rufaa 2004, na jaji aliyeandika ile hukumu ni Sonia Sotomayor ambaye sasa yupo Mahakama Kuu. Mpira wa miguu una akademi, una Ulaya, una ligi kila kona ya dunia. Huu mlango ni mmoja na chuo ndio kimeshika funguo. Na wanaofika NFL ni chini ya asilimia 2, kwahiyo kwa wengi miaka hii ya chuo NDIO kazi yenyewe, hakuna nyingine inakuja.

MbioZaIten

Boss nimewasoma nyote na mnaongea kana kwamba chuo kina futiboli peke yake. Mimi nilikuja Marekani kwa skolashipu ya kukimbia, na hivyo ndivyo watu wetu wamekuja miaka yote. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia 1978 akiwa Washington State. Nyinyi Watanzania mnaye Suleiman Nyambui aliyekuwa UTEP pale El Paso. Juzi tu Doris Lemngole wa Alabama amechukua ubingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji. Sasa uliza ni pesa ya nani ilimlipia mkimbiaji tiketi, chakula na kocha. Ni ya futiboli! Tiketi haziuziki kwa mbio za nyika bana, hata mama yangu hangelipa.

Mkichukua milioni 20 mkagawia wachezaji wa futiboli na kikapu, ni nani anakatwa? Si kocha wa futiboli. Ni timu ya kuogelea, tenisi, riadha, na kwa riadha wa kwanza kuonekana mzigo ni mgeni kutoka Kenya. Halafu hizo hela za NIL mnazosifu, mwenye visa ya F-1, ya mwanafunzi mgeni, hawezi kuzigusa vizuri kwa sababu visa yenyewe inambana kufanya kazi nje ya chuo. Mzungu wa timu yetu alikuwa anapost kiatu anapata pesa, mimi niliyekuwa nafika mbele yake nikaambiwa na ofisi ya wageni nisithubutu. Kwa hiyo hiyo haki yenu ina mlango wa wenyeji tu.

BuckeyeWaTemeke

Dada hapa umenishika pabaya, hii ndio hoja nzito kuliko zote humu.

Kukatwa kwa timu ndogo sina jibu la kukuridhisha. Ninachosema ni kwamba vyuo vilikuwa na hela ya kumlipa kocha asifundishe, vikaja kukumbuka umaskini siku dogo alipoanza kudai. Kama kuna sehemu ya kukata ianzie huko. Lakini najua haitaanzia huko.

Kwenye visa lakini naona ajira inakusaidia wewe kuliko hata hao wa futiboli. Mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, ndio maana tunaona Wakenya na Wabongo maktaba na kwenye kantini. Na NCAA wenyewe wana sheria kwamba mazoezi na mechi visizidi saa 20 kwa wiki. Saa 20 na saa 20! Kama kukimbia kungekuwa ajira ya chuo, unaingia palepale anapoingia anayeosha vyombo kantini. Mimi sio mwanasheria na hiyo NIL ya makampuni ya viatu bado ingekuwa nje, ila mshahara wa chuo ungekuwa na njia.

MbioZaIten

Saa 20 za karatasi hizo. Mimi Jumapili nilikuwa nakimbia maili 14 inaandikwa ni hiari. Lakini hiyo point nimeichukua.

MzeeWaGoBlue

Mnajenga nyumba bila kiwanja nyie. Wachezaji wa Northwestern walijaribu kuunda chama 2014, mkurugenzi wa kanda wa bodi ya kazi ya taifa akasema ndio ni wafanyakazi, 2015 bodi kuu ikakataa kulisikiliza suala lao. Na Northwestern ni chuo binafsi. Vyuo vya umma vinafuata sheria za majimbo, na Ohio yako pamoja na Michigan yangu wote tulitunga sheria baada ya sakata lile kwamba mwanamichezo wa chuo cha umma si mwajiriwa. Kwa hiyo chama chako unakisajili wapi?

BuckeyeWaTemeke

Sheria imetungwa na bunge la jimbo mzee, bunge hilohilo linaifuta. Na majaji wa rufaa wa Philadelphia Julai 2024 kwenye kesi ya Johnson wamesema wanamichezo wa vyuo wanaweza kuhesabika wafanyakazi kwa sheria ya mishahara ya nchi nzima, wakairudisha chini isikilizwe. Ndio maana NCAA wamehamia Washington kuomba Congress, bunge la nchi, iwape sheria ya kuwalinda. Anayejiamini hakimbilii huko.

MbioZaIten

Haya, wakati mnangoja Congress, binamu yangu wa Kapsabet ameletewa ofa na chuo kimoja cha kusini, wiki ijayo anasaini. Aulize nini?

BuckeyeWaTemeke

Aulize skolashipu ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote, na jibu liwe kwenye barua sio kwenye whatsapp ya kocha. Aulize akiumia goti nani analipa na kwa muda gani, hata baada ya kumaliza chuo. Aulize nafasi ngapi za riadha chuo kinabaki nazo msimu ujao, maana siku hizi vikosi vina kikomo. Na amuulize mkimbiaji aliyehama pale mwaka jana kwanini alihama, namba yake kocha hatakupa, itafuteni wenyewe.

MzeeWaGoBlue

Na aulize kama kuna baridi. Mimi hakuna aliyeniambia.