Tupeane uzoefu: bei ya mafuta inabadilika kila mwezi, mnapiga hesabu vipi?

lita_kwa_lita (mwanzisha mada)

Wakuu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) wakitoa bei kikomo tunalalamika siku mbili, halafu kimya mpaka Jumatano nyingine. Naomba uzi huu uwe wa hesabu na ufundi. Anayejua bei, pampu, injini, malori au gesi aweke hapa anachokijua, kwa namba.

Naanza na bei yenyewe. Hatusafishi mafuta ghafi. TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa kiwanda cha kusafisha, siku hizi ni maghala, na kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013. Petroli na dizeli zinakuja zikiwa zimeshasafishwa, kwa meli za uagizaji wa pamoja chini ya PBPA (wakala wa serikali wa kazi hiyo), na kushushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Bei ya msingi hufuata ile inayochapishwa na Platts, kampuni inayoripoti bei za mafuta duniani, kwa soko la Ghuba ya Uarabuni, kwa dola kwa tani. Juu yake inakuja premiamu ya msambazaji aliyeshinda zabuni (usafiri, bima na faida yake), halafu gharama za bandari, kodi na tozo, faida ya kampuni, faida ya kituo, na nauli ya lori mpaka mjini kwako. Ndiyo maana Dar huwa chini na Kyerwa huwa juu.

Sasa kokotoeni wenyewe. Tani moja ya petroli ni takriban lita 1,340, ya dizeli takriban lita 1,190. Bei ya Ghuba ikipanda dola 50 kwa tani, petroli inaongezeka senti 3.7 za dola kwa lita. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni shilingi 93 hivi. Kwa dizeli ni shilingi 105. Tuseme lita imefika bandarini kwa senti 60 za dola: shilingi ikishuka kutoka 2,500 hadi 2,600, umeongezewa shilingi 60 hata kama Ghuba hakijatikisika kitu.

Na jambo linalowachanganya wengi: ushuru na tozo za mafuta hutozwa kwa lita, si kwa asilimia. Mwaka wa fedha 2023/24 iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na hiyo haipungui mafuta yakishuka duniani. Kwa hiyo soko likianguka asilimia 30, pampu haiwezi kuanguka asilimia 30.

mhasibu_depo

Mkuu umeeleza vizuri. Naongeza mambo mawili.

Kwanza, kuchelewa. Meli lazima ipakie, isafiri, isubiri zamu, ishushe. Bei ya mwezi huu inabeba bei za Ghuba za wiki zilizopita. Ukisikia redioni leo kwamba pipa limeshuka, usisubiri nafuu kesho. Na ukisikia limepanda leo, kituo hakina sababu ya kupandisha leo, maana mafuta yaliyo kwenye tenki lake yalishawekewa bei.

Pili, pipa wanalolitaja ni la mafuta ghafi, lita 159. Sisi tunanunua bidhaa. Viwanda vya kusafisha vikibanwa, dizeli inapanda peke yake wakati ghafi imetulia. Mwaka 2022 hilo lilionekana wazi baada ya vita vya Ukraine kuanza: dizeli ilipaa kuliko ghafi. Agosti mwaka huo petroli Dar ilivuka shilingi 3,400, na hiyo ni huku serikali ikiwa imeshaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni.

Bei kikomo maana yake ni dari. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Piga *152*00# upate bei ya mji wako kabla ya kuingia kituoni, kisha linganisha na bango.

njia_panda_segera

Wadau, Kenya wao vipi? Bei zao zinatoka tarehe 14.

mhasibu_depo

EPRA, mamlaka yao ya nishati, hutangaza tarehe 14, zinaanza usiku huo na kwenda mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Tangu Aprili 2023 wananunua kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za serikali za Ghuba: Aramco, ADNOC na ENOC. Lengo lilikuwa kupunguza kukimbizana na dola kila meli inapofika. Lakini mkopo unaahirisha dola tu, hauifuti. Uganda nao, waliokuwa wakinunua kupitia kampuni za Kenya, tangu Julai 2024 wanaagiza kupitia UNOC, kampuni yao ya taifa ya mafuta, na kampuni ya Vitol ndiyo msambazaji wao.

fundi_nozeli

Mimi nazungumzia pampu.

Kabla nozeli haijaingia kwenye tenki, soma sehemu tatu: lita ziwe 0.00, shilingi ziwe 0, na bei ya lita ilingane na bango. Kisha tafuta stika ya Wakala wa Vipimo na lakiri ya risasi kwenye mashine. Lakiri iliyokatika, usijaze hapo.

Watu wa boda nisikilizeni hapa. Kila pampu ina kibati kinachoonyesha kiasi cha chini kinachopimika kwa uhakika, mara nyingi lita 2 au 5. Ukiweka mafuta ya shilingi 2,000 unapata pungufu ya lita moja, uko chini ya kiwango hicho. Kosa dogo la mililita 30, ambalo kwenye lita 20 halisikiki, kwako ni karibu asilimia 4. Weka mara moja kwa siku badala ya mara nne.

Dumu la lita 20 si kipimo. Likijaa hadi shingoni linabeba zaidi ya lita 21, kwa hiyo usigombane na mhudumu kwa sababu mafuta hayajafika mdomoni. Ukiwa na shaka, omba kipimo cha chuma cha kituo, chenye shingo ya kioo na mistari.

Na ile ya "jaza alfajiri mafuta yakiwa ya baridi" haina uzito. Petroli hutanuka takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini tenki liko ardhini, joto lake halibadiliki sana kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana.

Nozeli ikikata, acha. Ukiendelea kubana ili kufikisha namba nzima, petroli inaingia kwenye mkondo wa mvuke na kulowesha kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tenki. Baadaye gari linasumbua kuwaka na fundi atakubadilishia vitu visivyo na kosa.

Dai risiti ya pampu. Mafuta yakiwa yamechakachuliwa, bila risiti huna pa kuanzia.

plagi_na_klina

Kabla ya kuilaumu bei, pima gari lako linakula kiasi gani. Jaza mpaka nozeli ikate, rudisha kilomita za safari sifuri, tembea angalau km 300, rudi pampu ileile, jaza mpaka ikate tena. Km 320 kwa lita 24.6 ni km 13 kwa lita. Geji ya dashibodi haitoi jibu hilo.

Sasa kosa ninalotaka kulikazania, kwa sababu ni la mafundi wetu wenyewe. Gari likichemsha, wengi wanang'oa themostati (valvu inayozuia maji ya kupozea, yaani kulanti, yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) na kufunga bila kuirudisha, wakisema "huku kwetu ni joto, haihitajiki". Kulanti inazunguka kwenye rejeta muda wote, na injini iliyopaswa kufanya kazi kwenye nyuzi zaidi ya 80 inabaki vuguvugu. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile umewasha sasa hivi. Sailensa inakuwa nyeusi kwa ndani, plagi zinashika masizi, oili inanuka petroli. Mwenye gari anabadilisha plagi, anasafisha injekta, ulaji unabaki palepale. Shika bomba la juu la rejeta dakika mbili baada ya kuwasha injini ya baridi. Likianza kupata joto polepole pamoja na injini badala ya kukaa baridi kisha kupamba moto ghafla, themostati haipo au imekwama wazi.

Breki nayo. Tembea km 5 bila kukanyaga sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, hiyo inang'ang'ania, na unachoma petroli kuisukuma.

Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa namba zilizoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

semi_tunduma

Kwa malori. Dar–Tunduma ni takriban km 930. Semi yenye mzigo ikienda km 2 kwa lita, ni lita 465. Tofauti ya shilingi 100 kati ya Dar na huko mbele ni shilingi 46,500 kwa safari moja. Jaza Dar.

Wenye mikataba ya mizigo, wekeni kifungu cha mafuta. Chukueni bei ya EWURA ya siku ya kusaini kama msingi, kubalianeni mafuta ni sehemu gani ya gharama, tuseme asilimia 40. Msingi 2,800, sasa 3,150: ongezeko asilimia 12.5. Mara 0.40 ni asilimia 5. Nauli ya milioni 4 inakuwa milioni 4.2. Bei ikishuka, nauli inashuka kwa kanuni hiyohiyo. Mteja anakubali akiona inakwenda pande zote. Mabasi hawana nafasi hiyo, nauli zao zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

njia_panda_segera

Bomba la mafuta la Hoima, Uganda, likikamilika si tutapata mafuta yetu hapa Tanga?

mhasibu_depo

Hapana ndugu. Bomba lile la km 1,443 linaleta mafuta ghafi Chongoleani ili yapakiwe melini na kuuzwa nje. Hata tungekuwa na kiwanda, mwenye mafuta angekuuzia kwa bei ambayo angepata kwa mnunuzi mwingine. Tungepunguza usafiri, premiamu na presha ya dola. Bei ya dunia ingebaki.

mtungi_200

Kinachotutoa kwenye bei ya Ghuba ni gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi iliyoshindiliwa kwa magari Dar imekuwa ikizunguka shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja inafanya kazi ya petroli lita 1.4 hadi 1.5.

Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10 kwa mgandamizo wa bar 200. Gari la km 14 kwa lita litakwenda km 200 hivi. Gesi: 15,500. Petroli kwa 2,900: karibu 41,000. Ukifunga mfumo kwa milioni 1.8, unarudisha pesa ukishatembea km 14,000 na kidogo. Teksi ya km 150 kwa siku inamaliza ndani ya miezi minne. Gari la nyumbani la km 30 kwa siku ni mwaka na miezi minne, na buti limepungua.

Yanayoharibika:

Plagi. Gesi inahitaji cheche kali, punguzeni mwanya hadi milimita 0.7 au 0.8. Ukiacha wa petroli, gari linapiga mis (cheche inashindwa kuwasha gesi) mlimani.

Rejuleta, kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi. Gesi ikishuka kutoka bar 200 inapoa sana, kwa hiyo rejuleta inapashwa na maji ya rejeta. Kulanti ikipungua au hewa ikinasa kwenye mipira yake, inaganda na gari linazima. Gari lililong'olewa themostati (rejea hapo juu) linachelewa sana kuhama kwenda gesi.

Pampu ya petroli inapozwa na petroli. Bakizeni robo tenki siku zote, muda wa kuwasha na kupasha injini unaitumia.

Na hili ni la uhai: mtungi wa gesi ya kupikia usifungwe kwenye mfumo huu kwa hali yoyote. Haukutengenezwa kwa bar 200, utapasuka. Soma namba na tarehe ya upimaji zilizogongwa kwenye shingo ya mtungi kabla ya kulipa.

boda_kirumba

Mkuu, wenye bajaji za Dar wanasema wanajaza bar 200, asubuhi geji inasoma 170. Inavuja?

mtungi_200

Si lazima. Ukijaza haraka gesi inapata joto na geji inapanda. Ikipoa usiku, inashuka. Wapake povu la sabuni kwenye valvu na kila nati ya bomba la mgandamizo mkubwa. Povu lisipovimba, waandike usomaji wa saa tatu usiku, gesi ikiwa imeshapoa, na wa asubuhi bila kuwasha chombo. Ukibaki uleule, mtungi ni mzima. Ukishuka tena, wafunge valvu ya mtungi na wasiwashe mpaka fundi wa mfumo auone.