Mkataba wa mpwa wangu: naomba jicho la aliyewahi kucheza nje

Ndugu zangu wa Mwanza mlio ughaibuni, wakubwa shikamooni.

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19, anayecheza mpira hapo nyumbani Mwanza, ametumiwa mkataba wa misimu miwili na klabu moja ya Ulaya, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi Ujerumani, familia imeniachia kazi ya kuusoma. Mimi ni fundi umeme, na mikataba ninayoijua ni ya nyumba na ya simu. Dada yangu ameambiwa kwamba saini inatakiwa kabla ya Ijumaa. Naomba aliyewahi kucheza soka la wanawake nje anieleze nianzie wapi.

*

Kaka, shikamoo.

Nipo Mwanza kwa likizo, kwa hiyo badala ya kukujibu kwa kukisia niliomba namba ya dada yako, na jana asubuhi nikamfuata Mwaloni, Kirumba. Mkataba alikuwa ameuviringisha ndani ya kanga pamoja na daftari lake la mauzo ya dagaa. Tuliusoma juu ya gunia, yeye akiinuka kila mara kumpimia mteja, na karatasi zikarudi kwenye kanga zikinuka dagaa kuliko zilivyotoka.

Mshahara si mbaya. Kinachonitia wasiwasi ni kifungu cha 9, kinachosema kwamba mkataba utakuwa na nguvu iwapo tu mchezaji atafaulu vipimo vya afya na kupata kibali cha kazi. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji zinakataza sharti la namna hiyo. Klabu ikitaka kuwa na hakika, inapaswa kumpima mtu kabla ya kumpa kalamu. Kikibaki kama kilivyo, binti ataiaga timu yake ya hapa, kibali kitachelewa, naye atajikuta hana klabu ya huku wala ya kule. Mwandikie wakala akiondoe, na kabla ya kumwandikia litafute jina lake katika orodha ya mawakala wenye leseni iliyopo kwenye tovuti ya FIFA, kwani kuitwa wakala na kuwa wakala ni mambo mawili.

Muda wa misimu miwili unafaa, na nisingependa uongezwe. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza; aliyejifunga miaka mitano kwa mshahara wa kuanzia hapandi ngazi hivyo. Lakini mshahara ulioandikwa ni wa kabla ya makato, na kuhusu nyumba wameandika tu kwamba itatolewa, bila kusema nani atalipa umeme na gharama za kuipasha joto. Mimi nilikaa na wenzangu watatu, na bili ya Januari ilikatwa kwenye mishahara yetu bila taarifa.

Sasa nikueleze kosa langu, ambalo sipendi kulisimulia. Klabu yangu ya pili ilikaa miezi mitatu bila kunilipa. Nilinyamaza kwa aibu, nikimdanganya mama kwamba benki ina matatizo, hatimaye nikapanda ndege nikarudi nyumbani bila kuandika hata mstari mmoja, na kwenye makaratasi mimi ndiye nikaonekana mvunja mkataba. Kumbe mchezaji anayeidai klabu mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15 ilipe deni lote, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali na kupeleka madai FIFA ndani ya miaka miwili, bila mchezaji kutozwa gharama za shauri. Nilikuja kulijua hilo muda ukiwa umepita. Binti afungue folda moja kwenye simu, aweke humo kila karatasi ya mshahara.

Dada yako alisubiri wateja wapungue, akaniuliza kwa sauti ya chini: akipata mimba huko, watamfukuza? Nilimjibu kwamba tangu 2021 kanuni hizo hizo zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, na klabu hairuhusiwi kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito. Aliguna tu, akaendelea kuchambua dagaa. Mimi naliogopa goti zaidi: kano ikikatika, mtu hukaa nje miezi tisa au zaidi, na mkataba huu hausemi bima italipa nini ikiwa msimu utakwisha kabla hajapona. Muulize wakala kwa maandishi.

Jioni nilipita Uwanja wa Nyamagana nikamkuta kocha aliyemlea, naye analalamika kwamba klabu yake haitapata chochote. Ana haki ya kulalamika. Fidia ya mafunzo, ambayo klabu za wanaume hulipwa kwa kumlea mchezaji, haitumiki katika soka la wanawake, na kwa kuwa mkataba wa binti hapa umekwisha, hakuna ada ya uhamisho ambayo angepata sehemu yake. Kwa maoni yangu huo ni uonevu kwa watu wanaonunua mipira kwa fedha za mfukoni, ila hauwezi kuwa sababu ya kumzuilia binti hati yake ya uhamisho, na kocha mwenyewe amekubali hivyo.

Ijumaa isikutishe. Karatasi ikisahihishwa, atasaini hata Jumatatu.

*

Dada, ahsante sana, na pole kwa kutembea juani. Wakala amejibu usiku huu: kifungu cha 9 kinaondolewa, bima ataiulizia, lakini bili ya kupasha nyumba joto anasema ni utaratibu wa klabu. Nimemwambia autaje huo utaratibu ndani ya mkataba, pamoja na kiwango cha juu cha makato kwa mwezi. Bado hajajibu.