Kitenge cha marehemu mama, harusi ya mwezi wa saba na baridi ya Lubumbashi: nivae nini?

Kambisti wa Katuba

Jambo yenu wote. Nina maneno mawili yaliyofungamana, mnisaidie kuyafungua.

La kwanza. Mdogo wangu wa kiume anaoa mwezi wa saba. Asubuhi ni ndoa ya serikali kwenye komini, ofisi ya mtaa, mchana kanisani, jioni sherehe kwenye uwanja wa nyumba ya mjomba kule Kampemba, chini ya hema. Hema lenyewe halina kuta. Mnaijua Lubumbashi ya mwezi wa saba: mchana jua linachoma, likishazama tu kila mtu anaficha shingo mabegani, na kufika alfajiri digrii zimeshuka chini ya 10. Anayesema Kongo hakuna baridi hajawahi kulala matanga Katuba wakati wa kipupwe. Lakini harusi zote tunazirundika kipindi hicho hicho, maana mvua haipo na hema halivuji.

Familia imechagua sare, kitenge chekundu cha damu ya mzee, cha bei ambayo kila mfuko unaiweza. Sina neno. Ila mimi ndiye dada mkubwa, na mama ametutoka huu ni mwaka wa nne. Ndani ya kasha lake nimekuta kitenge cha yadi 6, kizima, hakijawahi kuiona cherehani. Ni Six Bougies, kile cha buji (plagi) sita za mota. Baba alikuwa mekaniki wa malori, na mnajua kitenge kile kinasema nini: anayekivaa ana uwezo wa gari la silinda sita. Sisi hata baiskeli hatukuwa nayo. Baba alimnunulia kwa mzaha, mama akakitunza kama hati ya nyumba. Rangi yake bluu na manjano. Kwenye ukingo kimeandikwa Veritable Wax Hollandais, na rangi za nyuma zimekolea sawa na za mbele.

Nataka mama awepo siku ile. Sasa nikikishona libaya, yaani blauzi, nimeiasi sare na mashangazi watanitafuna. Nikivaa sare na jaketi juu, nitakuwa yule yule wa kila siku. Na mkasi nauogopa. Kazi yangu ni kubadilisha pesa barabarani, kutwa nakataa noti za dola kwa ajili ya kachaniko kasikoonekana mpaka uinue noti juani. Jicho limeshazoea kwamba kitu kikichanika kidogo, thamani yote imekwenda.

La pili ni hilo hilo la barabarani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kwenye meza yangu chini ya mwamvuli. Navaa sweta mbili na jaketi la nailoni, lile nene la kuvimba. Saa nne nimeloa jasho, saa sita nguo zote ziko chini ya meza zinakunywa vumbi jekundu. Wiki iliyopita cheche ya mbabula, jiko la makaa, iliniyeyushia tundu mkononi mwa jaketi, upana wa kifuniko cha chupa. Glavu siwezi, faranga nitazihesabu na nini? Na sitaki kukaa pale kama gunia la makaa. Mtu anayekukabidhi dola zake anakutazama kwanza umevaaje.

Fundi wa Kenya

Mama kambisti, jambo. Mimi niko komini ya Kenya, karibu na soko (wasomaji wa mbali: Kenya hii ni mtaa wetu, siyo nchi).

Kabla ya kuuliza kishonwe vipi, kikague. Kikunjue mchana, kiinue mbele ya dirisha, fuata mistari ya mikunjo. Kitambaa kilichokaa miaka kimekunjwa huchoka kwanza pale kwenye kunjo. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, hapo hapashiki mshono, usimdanganye fundi wala fundi asikudanganye. Usikipige pasi kikiwa hivyo. Loweka kwa maji baridi na sabuni kidogo, usikikamue kwa kukisokota, anika kivulini.

Kikiwa kizima, mimi ningekushonea koti fupi lisilo na kola, wazi mbele, la kuvaa juu ya sare. Bitana ya flaneli kwenye mwili, lakini mikononi satini. Hapa wenzangu wengi wanakosea: wanaweka flaneli mpaka mikononi kwa kuwa ni ya joto, mteja akiingiza mkono flaneli inalikamata libaya na kulipandisha hadi kwapani. Tundu la mkono liongezwe upana, kwa sababu bitana inakula nafasi. Na flaneli ifuliwe kabla ya kukatwa. Ikifuliwa inarudi, tena inarudi kuliko kitenge. Koti ambalo bitana yake haikufuliwa, ufuo wa kwanza tu linajikunja kwa ndani kama jani la mhogo juani.

Yadi 3 zinatosha, unabaki na 3.

Bibi wa Kamalondo

Binti yangu, fundi asikukimbize. Fundi anaishi kwa mkasi.

Mimi niliolewa miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, suruali na wigi zimekatazwa kwa wanawake, wanaume wamevuliwa kravati na kuvishwa abakosti, koti la kuvaa bila kravati. Kamba hiyo ilifunguliwa mwaka 1990. Kwa hiyo miaka yangu yote ya ujana nimeivaa ndani ya kitenge, kwenye jua na kwenye baridi hii hii unayoisema, na koti sikuwa nalo.

Yadi 6 unaziona kitu kimoja. Siyo kimoja. Ni vipande vitatu vya yadi 2 vilivyoshikana: kimoja cha libaya, cha pili cha kufunga, cha tatu cha kujifunga juu, kubebea mtoto, kujifunika kwenye matanga. Hicho cha tatu ndicho kilikuwa koti letu. Na pale kwenye yadi ya pili kitenge hakikatwi, kinapasuliwa. Unatia mkasi kidogo kwenye ukingo, kisha unavuta kwa mikono, kinafuata uzi wake chenyewe na kunyooka kuliko fundi yeyote. Hata wanaotuuzia sokoni wanafanya hivyo. Huko siyo kuchanika kwa dola yako.

Vaa sare ya familia, usigombane na mtu. Juu yake jitande kipande kimoja cha mama. Kingine mpe wifi yako, aingie kwenu na kitu cha mama mkwe ambaye hakumwona. Cha tatu kirudi kashani.

Kambisti wa Katuba

Bibi, nimekusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mteja mbele yangu, akakasirika. Lakini hapo kuna jambo. Nina miaka 36 na sijaolewa. Nikijitanda kitenge cha juu si wataanza kuuliza bwana yuko wapi?

Bibi wa Kamalondo

Kwetu, kikifungwa kiunoni kinasema habari za mume. Mabegani kinasema habari za baridi. Asiyejua tofauti mpe kiti, akae karibu na mbabula apate akili.

Mwanafunzi wa Kasapa

Yaya, subiri kwanza. Bluu na manjano juu, nyekundu chini? Umebakiza nyota tu, tusimame tukuimbie wimbo wa taifa 😂

Fundi wa Kenya

Bibi amenishinda, nakubali. Lakini kitenge kitupu mabegani ni pamba nyembamba, upepo wa saa mbili usiku unapita kama mwenye nyumba. Na ukiinuka kucheza kitaanguka kwenye sahani ya mtu. Fanya hivi: kata flaneli (iliyofuliwa!) ndogo kuliko kitenge kwa vidole viwili kila upande, itandike kwa ndani, shikiza kwa mkono, mishono mirefu ya kulegea ambayo siku yoyote unavuta uzi mmoja na yote inatoka. Flaneli italishika libaya lisiteleze, ule ubaya wake wa mikononi hapa ni faida. Begani tia kifungo cha kubana kimoja, kwa ndani, kisionekane. Hakuna mashine itakayokigusa kitenge cha mama.

Rangi usiogope. Chukua flaneli nyekundu kama ya sare, ikichungulia pembeni watu watadhani ulipanga tangu mwanzo.

Wa Kadutu

Salamu kutoka Bukavu. Nimeona la harusi lina wenyewe, nikujibu la barabarani, maana nami nauza nje na huku kwetu milimani asubuhi ya baridi haingoji msimu.

Tatizo lako siyo uchache wa nguo, ni unene wake. Sweta mbili nene na jaketi la kuvimba ni kitu cha kuvaa na kuvua kwa mara moja. Una joto lote au huna. Vaa nyembamba nyingi. Ndani kabisa fulana ya kubana, juu yake sweta ya sufu halisi, nje kitu chepesi cha kukata upepo tu. Joto linakaa katikati ya nguo, kwenye ile hewa iliyonaswa. Jua likipanda unavua moja moja. Na zote za juu ziwe za kufunguka mbele, vifungo au zipu. Hizi za kuvulia kichwani, ukiwa umekaa na pesa mezani, kile kitambo uso umefunikwa ndicho wezi wanachokisubiri. Mimi niliibiwa simu hivyo. Ni kichekesho sasa, siku ile haikuwa.

Sufu itafute kwenye mitumba, siyo dukani. Pale soko la Kadutu naingia mapema, belo ikifunguliwa. Ninyi jirani zenu wa Zambia wanaita salaula, kuchagua kwa kufukua, basi fukua kweli: usiangalie rangi, shika. Soma lebo kama ipo. Kama haipo, vuta uzi mmoja wa pindo uuchome kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu ya kuvunjika. Nailoni inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Hiyo ndiyo dawa ya cheche yako pia, sufu haiyeyuki. Fua kwa maji baridi. Yangu ya kwanza niliitia maji ya moto, leo anaivaa mtoto wa miaka mitano.

Glavu: kata ncha za kidole gumba na viwili vinavyofuata, mkono wa kuhesabia peke yake. Mwingine uache mzima.

Kambisti wa Katuba

Nimerudi, wiki mbili baada ya harusi. Niliahidi kwa baadhi yenu.

Tulikikagua mimi na mdogo wangu wa kike, dirishani kama fundi alivyosema. Kipande cha katikati kilikuwa kimechoka kwenye kunjo, mwanga unapita. Hicho ndicho kilichorudi kashani. Kupasua, nilitia mkasi ukingoni halafu mikono ikagoma. Mdogo wangu akavuta. Sauti yake fupi sana, nilitegemea itakuwa ndefu.

Kwenye komini nilikuwa na sare peke yake, jua kali. Kanisani vilevile. Shangazi mkubwa alikuwa ameshasikia habari za kitenge cha pembeni, akanikagua kuanzia kilemba mpaka viatu, hakuona kitu, akaridhika. Jioni ndipo nilipokitoa. Mjomba alisema neno lile lile la bendera, neno kwa neno, mwanafunzi wa Kasapa hebu tuambie kama wewe ni ndugu yetu.

Kipande cha wifi nilikuwa nimekifunga kwenye karatasi, nimpe nyumbani kesho yake bila kelele. Lakini gauni lake lilikuwa jeupe la mabega wazi, na saa mbili na nusu, keki haijakatwa, nilimwona amekaa wima anatabasamu huku meno yanagongana. Nikafungua karatasi pale pale. Hakuuliza ni cha nani. Mdogo wangu, bwana harusi, ndiye aliyekitazama, akageuza uso upande wa spika. Picha zote za usiku bibi harusi yuko na buji sita mabegani, na cha kwake hakikuwa na flaneli, kwa hiyo baadaye tulikaa wawili chini ya changu. Saa nne shangazi mkubwa naye akasogeza kiti akasema nimpe pembe moja tu.

Barabarani sasa nina sweta ya sufu ya kijani, ya vifungo, dola 3 sokoni Kenya. Niliuchoma uzi mbele ya muuzaji akapiga kelele. Glavu nimekata vidole vitatu. Wateja wanacheka lakini wanakaa.

Fundi, nina jambo. Ile pembe aliyoishika shangazi ina doa la mawese, kubwa kama kiganja, limepita mpaka kwenye flaneli. Sijaligusa.

Fundi wa Kenya

Usitie maji kabisa, wala moto. Vuta ule uzi, toa flaneli kwanza, paka unga wa muhogo mkavu kwenye doa pande zote mbili uache unywe mafuta usiku mzima. Jumatatu niletee.