Mrejesho: muziki wa ndoa yetu kanisani

Jamani nimerudi, mimi ndo niliyeuliza kwa nini padri amekataa bibi harusi aingie kanisani na ule wimbo wa harusi wa Wagner, mtunzi Mjerumani, unaojulikana kama "Here Comes the Bride". Kumbe umetoka kwenye opera yake (mchezo wa kuimbwa) ya Lohengrin ya 1850, na humo unaimbwa ndoa ikishapita, maharusi wanasindikizwa chumbani kwao, sio kuingia kanisani! Basi tukachukua Kanoni ya Pachelbel, muziki wa ala usio na maneno, na mpiga kinanda akatushauri kitu cha maana sana, tutembee siku ya mazoezi kutoka mlangoni hadi altareni ili ajue pa kukatia muziki. Wakati wa kusaini cheti kwaya ikaimba zaburi, mama akalia na mimi nikashindwa kujizuia. Asanteni sana mlioniambia nimuone padri kabla ya kulipa wanamuziki.